Hukumu ya Deni ya Zamani Imefika Kwenye Mshahara: Anza na Faili la Kesi

Hapa Marekani watu wengi hujua kwamba walishtakiwa siku mshahara unapoingia pungufu. Kwenye slipu kuna mstari mpya wa makato, na ukiuliza ofisi ya mishahara unaambiwa kuna amri ya mahakama. Deni lenyewe ni la kadi ya benki, la hospitali, la gari lililochukuliwa, au la nyumba ya kupanga uliyohama zamani. Kesi ilifunguliwa, hukutokea, mdai akapewa hukumu ya upande mmoja, faili likalala. Uchunguzi wa shirika la utafiti la Pew wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa pale ambapo takwimu zipo, zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni huisha hivyo hivyo, mdaiwa hayupo.

Jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu hufanya ni kupiga simu kwenye namba iliyo kwenye barua, kuomba radhi na kuahidi kulipa kidogo kidogo. Usifanye hivyo kwanza. Aliye upande wa pili wa simu ana kazi moja tu, kukusanya pesa, na katika dakika hizo tano anaweza kupata kwako namba ya akaunti ya benki, jina la mwajiri mpya, na saini kwenye hati ya makubaliano ambayo ndani yake umekubali kwamba hukumu ni halali. Mambo hayo yakishatoka ni vigumu kuyarudisha. Kwanza lipate faili, ulisome, ndipo uamue kama hiki ni kitu cha kulipa, cha kupinga, au cha kupunguza.

Kuna uvumi mmoja unaowaponza watu wetu sana: kwamba deni likifika miaka saba linafutika. Miaka saba ni muda wa habari mbaya kukaa kwenye taarifa yako ya mikopo. Haihusiani na mahakama. Kila jimbo pia lina ukomo wake wa muda wa kufungua kesi ya deni, mara nyingi kati ya miaka mitatu na sita, lakini hukumu ikishatolewa ukomo huo hauhesabiwi tena, unaanza muda mwingine wa uhai wa hukumu yenyewe. New York hukumu ya fedha huishi miaka 20. California na Minnesota ni miaka 10, na kuna njia za kuiongezea uhai. Texas hukumu husinzia baada ya miaka 10 mdai asipochukua hatua, na anaweza kuiamsha. Georgia husinzia baada ya miaka 7, kisha mdai ana miaka 3 ya kuihuisha. Kuhama jimbo hakusaidii pia: hukumu husajiliwa katika jimbo jipya na kukaziwa huko.

Wala usidanganywe na taarifa safi ya mikopo. Tangu Julai 2017 Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotoa taarifa hizo, waliacha kuonyesha hukumu za madai. Unaweza kuwa na alama nzuri kabisa huku hukumu ya dola elfu kadhaa imekaa katika mahakama ya kaunti uliyoishi zamani. Inayojua ni masijala ya mahakama.

Kulipata faili

Mwombe mwajiri nakala ya amri aliyopokea. Juu kabisa pameandikwa jina la mahakama, kaunti, namba ya kesi, na majina ya pande zote mbili. Kwa namba hiyo nenda kwa karani, au angalia kwenye tovuti ya mahakama kama wanaweka majalada mtandaoni. Usiombe hukumu peke yake. Omba hati ya madai, hati ya kiapo ya mtu aliyepeleka samansi, hukumu yenyewe, maombi yoyote ya kuihuisha, hati zinazoonyesha kesi imehamishiwa kampuni nyingine, na amri ya kukata mshahara pamoja na hesabu ya kiasi kinachodaiwa. Kwa kawaida nakala hulipiwa kwa ukurasa, na faili la zamani huenda liko ghalani, kwa hiyo ulizia mapema litachukua siku ngapi.

Kama unatafuta bila namba ya kesi, tafuta kwa kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa: jina la babu likiwa mwisho, likiwa katikati, majina mawili yaliyounganishwa, herufi iliyodondoka. Wengi walioingia kama wakimbizi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, na ndani ya jamii moja unaweza kukuta watu kadhaa wenye jina linalofanana na tarehe ile ile. Mshahara wa mtu mmoja kukatwa kwa deni la mwingine ni jambo linalotokea. Linganisha tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security, anwani ya zamani, na namba ya akaunti iliyotajwa kwenye madai. Zisipolingana, usijadili deni hata kidogo. Hoja yako ni moja tu, kwamba si wewe, na unaipeleka mahakamani kwa maandishi pamoja na kitambulisho.

Hati ya kiapo ya kupeleka samansi

Hii ndiyo karatasi ya kusoma polepole, na ndiyo ambayo watu huipita. Ni ukurasa mmoja, mara nyingi fomu ya kujaza. Ndani yake mpeleka samansi anaapa kwamba siku fulani, saa fulani, kwenye anwani fulani, alikukabidhi karatasi wewe mwenyewe, au alimwachia mtu mzima wa nyumbani, au alizibandika mlangoni na kutuma nakala kwa posta. Pengine ameeleza na umbo la mtu aliyempa: urefu, uzito, umri wa kukisia, rangi ya ngozi, nywele.

Sasa weka maisha yako pembeni ya karatasi hiyo. Siku hiyo ulikuwa unaishi wapi? Kama mkataba wako wa nyumba unaonyesha ulihama miezi minne kabla, hapo pana jambo. Kama ameandika alimpa mke wako, na wakati ule hukuwa na mke, hapo pana jambo. Kama saa iliyotajwa ulikuwa zamu kazini na kadi ya mahudhurio inaonyesha, au pasipoti ina muhuri kwamba ulikuwa nje ya nchi, pana jambo kubwa. Samansi isipofikishwa kwa njia inayotakiwa na sheria ya jimbo, mahakama haikuwa na mamlaka juu yako, na hukumu iliyotolewa bila mamlaka ni batili. Ndiyo maana katika majimbo mengi hoja hii inasikika hata baada ya miaka mingi, wakati sababu nyingine, kama kuugua au kupitiwa na tarehe, kwa kawaida hufungwa ndani ya mwaka mmoja hivi.

Lakini usikae nayo. Tangu siku uliyojua kuhusu hukumu, hakimu atauliza ulichelewa kwa nini. Wiki mbili za kukusanya ushahidi zinaeleweka. Miezi minane ya kukatwa mshahara kimya kimya haieleweki, na wakili wa mdai ataitaja.

Maombi ya kutengua hukumu huwa na fomu katika mahakama nyingi, na karani hukupa ukiuliza. Ambatanisha hati yako ya kiapo inayoeleza ukweli kwa tarehe na anwani. Sentensi kama "sikupata karatasi yoyote" peke yake ni dhaifu sana. Andika: tarehe iliyotajwa nilikuwa naishi anwani hii, tangu mwezi huu hadi mwezi huu, na hii hapa nakala ya mkataba, bili ya umeme na barua ya mwajiri. Mahakama nyingi hutaka pia kuona kwamba una utetezi kwenye deni lenyewe: kiasi si sahihi, ulishalipa, si deni lako, au kampuni iliyoshtaki ilinunua deni na haina karatasi zinazoonyesha lilivyopita kutoka benki hadi kwake. Hili la mwisho lina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu madeni huuzwa kwa mafungu, na mara nyingi kinachouzwa ni safu tu kwenye jedwali, bila mkataba.

Mambo mawili huharibu maombi mazuri. Kwanza, kuanza kujibu hoja za deni bila kutaja kasoro ya samansi. Pinga samansi mwanzoni kabisa, maana ukiingia kwenye kesi kana kwamba uliitwa ipasavyo, unaweza kuhesabiwa kuwa umeiachilia hoja hiyo. Pili, kusahau kuomba zuio la utekelezaji. Kupeleka maombi hakusimamishi makato. Lazima uombe waziwazi kwamba makato yasimame mpaka maombi yasikilizwe, na hakimu akikubali, upeleke amri hiyo ofisi ya mishahara kwa mkono wako.

Kama Kiingereza cha mahakamani kinakusumbua, mwambie karani mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kumleta mtoto akutafsirie ni kumtwisha mzigo usio wake, na neno moja likitafsiriwa vibaya linabaki kwenye kumbukumbu.

Kiasi wanachoruhusiwa kukata

Hata hukumu iwe halali kabisa, sheria ya shirikisho inaweka dari. Kwa madeni ya kawaida, kinachokatwa kwa wiki kisizidi kiasi kilicho kidogo kati ya hivi viwili: asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, au kile kinachozidi mara 30 ya kima cha chini cha mshahara cha shirikisho. Kima hicho ni dola 7.25 kwa saa, kwa hiyo mara 30 ni dola 217.50. Ukibaki na dola 217.50 au chini kwa wiki, hawagusi kitu. Kati ya 217.50 na 290 wanachukua ziada tu. Kuanzia 290 ndipo asilimia 25 inaingia.

Neno "makato ya lazima" ndilo linalowachanganya watu. Ni kodi ya shirikisho, ya jimbo na ya mji, pamoja na Social Security na Medicare. Bima ya afya na akiba ya uzeeni unayoweka kwa hiari hazimo. Chukua mtu anayepata dola 900 kwa wiki. Kodi zote dola 140. Inabaki 760, na asilimia 25 yake ni 190. Kama ana bima ya dola 60 na akiba ya 45, anachopeleka nyumbani ni dola 465. Ndiyo sababu makato huuma kuliko ile robo iliyotajwa.

Kosa linalojirudia kwenye ofisi za mishahara ni la kipindi. Anayelipwa kila wiki mbili kinga yake ni dola 435, anayelipwa mara mbili kwa mwezi ni 471.25, na anayelipwa kwa mwezi ni 942.50. Sasa mtu wa wiki mbili aliyebakiwa na dola 500 baada ya kodi anapaswa kukatwa dola 65 tu. Mtu wa mishahara akitumia kinga ya wiki moja, anamkata 125. Hizo dola 60 ni chakula cha watu, na zinaondoka kila mara mpaka mtu akae na kalamu. Piga hesabu yako mwenyewe kwenye slipu ya kwanza, na ukiona imezidi, andika barua fupi yenye tarakimu, ukieleza kipindi cha malipo.

Majimbo mengi yana kinga kubwa kuliko hiyo, na inayotumika ni ile inayokulinda zaidi. Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina haziruhusu mshahara kukatwa kwa madeni ya kawaida ya mlaji. California, tangu Septemba 2023, dari ni asilimia 20, au asilimia 40 ya kinachozidi mara 48 ya kima cha chini cha saa cha jimbo hilo, kilicho kidogo. Illinois ni asilimia 15 ya mshahara kabla ya makato, na pia kuna kiasi cha chini kinacholindwa. Florida, mtu anayetunza familia ambaye kinachobaki hakizidi dola 750 kwa wiki analindwa, ila lazima aijaze fomu ya kudai kinga, na ana siku 20 tangu kupokea taarifa.

Hapo kwenye fomu ndipo wengi hupotezea haki yao. Kinga nyingi hazijitokezi zenyewe. Barua ya makato huja na karatasi ya kudai kinga nyuma yake, imeandikwa kwa herufi ndogo, na tarehe ya mwisho iko karibu. Ijaze siku ile ile, peleka nakala kwa karani na kwa wakili wa mdai, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mahakama.

Wakija wadai wawili, dari haiongezeki mara mbili. Asilimia 25 ni jumla kwa madeni yote ya kawaida, na wa pili husubiri. Matunzo ya mtoto yana mahesabu yake, yanaweza kufika asilimia 50 hadi 65, na huwa na kipaumbele. Yakishachukua robo au zaidi, mdai wa kawaida hana cha kukata. Na kwa makato ya deni moja, mwajiri haruhusiwi kukufukuza kazi. Hiyo ni sheria ya shirikisho, na malalamiko hupelekwa Idara ya Kazi. Kwa deni la pili kinga hiyo ya shirikisho haipo, ndiyo maana ni bora kulimaliza la kwanza kabla la pili halijafika.

Ukishinda kwenye mshahara, linda na benki. Kinga ya mshahara mara nyingi huisha pesa zikishaingia kwenye akaunti. Hata Texas, ambako mshahara haukatwi, akaunti hufungiwa. Fedha za Social Security, SSI (msaada wa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) na za maveterani zinazoingia moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki zinalindwa: benki lazima iangalie miezi miwili nyuma na kukuachia kiasi hicho bila wewe kuomba. Ukizipokea kwa hundi na kuziweka mwenyewe, ulinzi huo wa papo hapo haupo. Usizichanganye na pesa nyingine kama unaweza kuepuka.

Riba, na namna ya kufunga deni

Hukumu inazaa riba, na kwenye hukumu ya zamani riba ndiyo inayotisha. Dola 4,000 kwa asilimia 9 kwa mwaka ni dola 360. Baada ya miaka 12 ni 4,320, jumla 8,320. Kwa hiyo omba hesabu iliyoandikwa na uikague. Mambo matatu ya kutazama: riba isiwe juu ya riba kama jimbo halikuruhusu, malipo yaliyokwisha kukatwa yaonekane kwa tarehe, na kiwango kiwe cha sasa. New York, kwa mfano, ilishusha riba ya hukumu za madeni ya mlaji kutoka asilimia 9 hadi 2 kuanzia 30 Aprili 2022. Ukiona bado wanahesabu 9 kwa kipindi cha baada ya hapo, wamekosea.

Kama hukumu ni halali na hoja za kuipinga hazipo, mapatano ya kulipa kwa mkupuo mmoja mara nyingi hupunguza kiasi, hasa kwa kampuni iliyonunua deni kwa bei ya chini. Toa kiasi ulicho nacho kweli. Kabla ya senti moja kutoka, pata barua inayosema kiasi hicho kinamaliza deni lote, namba ya kesi imetajwa, na wao watapeleka mahakamani hati ya kuonyesha hukumu imelipwa na taarifa ya kusimamisha makato. Lipa kwa hundi ya benki, usiwape ruhusa ya kuchota kwenye akaunti yako. Wakisamehe dola 600 au zaidi unaweza kupokea fomu ya 1099-C mwaka unaofuata, kwa sababu deni lililosamehewa huweza kuhesabiwa kama kipato. Kama wakati huo madeni yako yote yalizidi mali zako, fomu 982 ndiyo ya kuonyesha hivyo kwenye kodi.

Usipuuze kamwe wito wa kuhojiwa kuhusu mali zako. Huwezi kufungwa kwa kuwa na deni la kadi, lakini ukiitwa na mahakama usiende, hati ya kukamatwa inaweza kutolewa kwa kudharau amri. Watu wengi waliosikia "fulani amekamatwa kwa deni" wamesikia kisa hiki nusu nusu.

Madeni yakiwa mengi, kuomba kufilisika chini ya Sura ya 7 (Chapter 7) ya sheria ya shirikisho kunasimamisha makato mara maombi yanapopokelewa. Ada ya mahakama ni dola 338, na wenye kipato kidogo huweza kuomba kusamehewa au kulipa kwa awamu. Peleka namba ya kesi ya kufilisika ofisi ya mishahara siku hiyo hiyo, usisubiri posta. Kama katika siku 90 kabla ya hapo mdai mmoja alikata dola 600 au zaidi kwa jumla, muulize wakili kama zinarudishika. Matunzo ya mtoto na kodi nyingi za serikali hazifutiki kwa njia hii, na mikopo ya masomo ni vigumu. Kwa mtu mwenye hukumu moja ya dola 2,000, naona hii ni dawa kali mno. Kwa mwenye hukumu tatu na nyumba ya kupanga inayoyumba, ni njia ya kuitazama kwa uzito.

Wakili wa bure wa msaada wa kisheria yupo karibu kila kaunti kwa wenye kipato cha chini, na tovuti ya LawHelp.org inakupeleka kwa wa jimbo lako. Nenda na faili mkononi: wakili aliye na dakika ishirini akikuta hati ya kiapo ya samansi, amri ya makato na slipu tatu za mshahara anaweza kukwambia la kufanya palepale.

Deni likishaisha, makato yanaweza kuendelea mzunguko mmoja au miwili kwa sababu mwajiri hajapata karatasi. Mwombe mdai kwa maandishi arudishe kilichozidi, ukiambatanisha slipu. Kisha, baada ya siku thelathini hivi, angalia tena faili mahakamani kama hati ya kuonyesha hukumu imelipwa imeingia. Isipokuwepo, peleka maombi mwenyewe ukiwa na barua ya mapatano na nakala ya hundi. Hukumu isiyofungwa kwenye masijala hushikilia nyumba siku unapotaka kuuza, na wakati huo kampuni uliyoilipa inaweza kuwa imeshauza mafaili yake kwa mwingine.